Mzula Wenye Nafasi ya Nywele

"Soksi mbili, Koleta. Ya chini nyembamba, ya juu ya sufu. Na buti usinunue huko."

"Kwa nini? Mnadani kuna mabuti mazuri tu ya mtumba."

"Hayo ni ya matope. Huku ukiyavaa, kabla hujafika kituo cha basi vidole umeviacha njiani."

Shangazi Yustina, aliyekuwa anachambua choroko kwenye kibaraza changu, aliinua kichwa.

"Vidole vinaachwaje njiani? Hebu muulize."

"Shangazi, shikamoo," Justus alisema kutoka kwenye simu.

"Marahaba, baba. Mimi nimemwambia abebe jiko la mkaa. Alale nalo chumbani, hiyo baridi itamjua."

"Shangazi, hapana! Mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa unaua. Mnalala, hamwamki. Koleta, jiko hapana. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Saa kumi jioni kwetu Cheyo, hapa Tabora, joto la Novemba limeniloanisha mpaka rasta zangu nimezifunga kitambaa, na huko Winnipeg ndiyo kwanza saa moja asubuhi na giza halijatoka. Mchumba wangu Justus, mtoto wa Urambo, anafanya kazi ghalani huko Kanada, na kabla hajatoka kwenda kazini lazima anipe somo la baridi. Harusi yetu ilipangwa baada ya Krismasi. Jumapili ile padre alikuwa asome tangazo letu la kwanza kanisani, kisha zifuate taratibu za mimi kwenda. Kwa hiyo nasoma. Wenzangu wanafundwa namna ya kumkanda mume, mimi nafundwa soksi.

Basi siku hiyo, akiwa jikoni kwake, aliinama kufunga buti, simu ikayumba, na hapo ndipo nilipouona. Kichwani alikuwa amevaa mzula wa rangi ya damu ya mzee. Ulimteremka mpaka kwenye nyusi.

"Huo mzula umenunua wapi?"

"Upi?" Akajishika kichwa kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe. "Aa, huu. Nimeupata tu."

"Umeupata tu? Uliangukia kama embe?"

"Koleta, basi litaniacha."

Akakata.

Niseme kazi yangu ili unielewe hasira zangu. Mimi ni fundi wa kufuma masweta. Watoto wa shule wa mji huu wakipiga mstari asubuhi, nusu yao wamevaa mkono wangu. Kitu kilichofumwa sikitazami, nakisoma. Mzula ule haukuwa wa dukani. Ulifumwa kwa sindano za mkono na mtu aliyejipa muda. Tena haukuwa wa Justus. Kichwa cha Justus nakijua, kidogo kama cha mama yake. Ule ulikuwa umeongezwa vitanzi kisogoni ili rasta zipate pa kukaa.

"Shangazi, ule ni mzula wa mwanamke."

"Umejuaje?"

"Una nafasi ya nywele. Kuna mwanamke mwenye rasta, na saa moja asubuhi mzula wake uko jikoni kwa mchumba wangu."

Shangazi akaweka ungo chini.

"Wazungu nao wanasuka rasta?"

"Kule si wazungu watupu, shangazi."

"Mayo we!" Akasogeza kigoda karibu. Shangazi yangu ananipenda sana, ila habari za namna hii huwa zinamwongezea afya.

Nikamwandikia Justus: *Mwenye mzula anaitwa nani?*

Akajibu: *Koleta jamani. Sivyo unavyofikiri.*

*Sijasema nafikiri nini. Nimeuliza jina.*

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Mwisho ukaja ujumbe mmoja: *Nitakuambia ukija.*

Nikija! Yaani nivae soksi mbili, nipande ndege, nivuke bahari, halafu nikifika nipokelewe mizigo na kutambulishwa kwa mke mwenzangu! Nilimfungia vioo. Akipiga sipokei. Lakini yule kaka ana kichwa kigumu, maana mafunzo hayakukoma.

*Najua umekasirika. Lakini mafuta ya uso yawe ya mgando. Losheni ina maji, itakupasua mashavu.*

Sikujibu.

*Hata kama hunijibu, usije ukazoea kutoka nje na nywele mbichi. Huku zinaganda.*

Hiyo nilijibu: *Mwambie mwenye rasta.*

*Jua huku linazama saa kumi na nusu, Koleta. Likizama usijilaze. Toka, hata kama ni kwenda kununua chumvi. Ukijifungia ndani utaugua roho.*

Nililisoma hilo mara mbili, kisha nikaona ananizuga. Nikaenda zangu kwa kinyozi.

"Nyoa," nilimwambia.

"Nipunguze?"

"Nyoa zote. Sitaki kufanana na mtu."

Niliporudi, Shangazi Yustina aliniangalia kichwa kinachong'aa, akajishika mdomo.

"Wewe mtoto! Ugomvi wako na Justus, nywele zimekukosea nini?"

"Zitaota."

"Na harusi?"

"Harusi ipi, shangazi?"

Nikampigia Mama Justus kule Urambo. Yule mama nampenda, na huwezi kumwacha mtoto bila kumwacha na mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona sauti imekauka?"

"Mama, nimeona nikwambie mapema usije ukasikia kwa watu. Namfuata padre. Namwomba Jumapili asitusome."

Nikamsikia akifunga mlango.

"Umeshamwona huyo padre?"

"Bado, mama. Kasafiri, anarudi Jumamosi jioni."

"Basi usiende. Nakuja mimi."

Jumamosi alasiri niko kwenye mashine yangu, roho nzito, sweta la watu nimelikosea mkono. Nikasikia hodi. Nikainua macho, na sote wawili tukapigwa na butwaa.

Mama Justus alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimemganda mgongoni kwa jasho, na kichwani amevaa mzula. Mzula wa sufu, rangi ya damu ya mzee, umembana mpaka nyusi zimepanda juu. Kwenye joto lile ambalo hata mbwa walikuwa wamejilaza chini ya mitungi ya maji.

Naye alikuwa anatazama kipara changu.

"Mayo!" Akatupa kapu chini, mikono kichwani. "Nani kafa?"

Kwetu mwanamke hanyoi kipara bila msiba, nami nilikuwa nimesahau kabisa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni uchumba tu."

"Ooh." Akashusha pumzi, akakaa. "Nimeshtuka bure."

Shangazi Yustina akatoka ndani na maji ya kunywa. Akamtazama mgeni, akanitazama mimi.

"Karibu, mkwe. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Na hilo la kichwani?"

"Mwanangu kaniletea. Kampa Amon wa kwa jirani, yule aliyerudi likizo, kanifikishia juzi. Kasema, mama, vaa ujikinge baridi. Nimevaa."

"Joto hili?"

"Hakusema nivae lini."

Alikunywa maji yote, akafuta midomo, akanigeukia.

"Koleta, nimepanda basi na kitu hiki kichwani, watoto wananicheka toka Urambo. Nataka ukione. Mtu mhuni anakumbuka kichwa cha mama yake? Mhuni anakumbuka kichwa chake tu."

"Mama, alikuwa na mzula wa mwanamke jikoni. Nimemuuliza jina, hataki kulitaja."

"Na huu je? Si wa mwanamke?"

"Huu ni wako, mama. Ule una nafasi ya rasta. Hebu nipe niutazame."

Akaushika, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena, uso ukamgeuka.

"Unaona?" akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana sijauvua tangu juzi."

Tulimsaidia. Shangazi alimshika mabega, mimi nikaupanua ukingo kwa vidole taratibu kama ninavyomvua mtoto sweta lililombana shingo, Mama Justus akafumba macho akitaja watakatifu. Ukatoka kwa mpigo, tukaanguka mimi na shangazi juu ya mafungu ya masweta. Mama Justus akajipapasa kichwa na kucheka kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa kifungoni.

Nami nikaugeuza mzula ndani nje.

Kazi ilikuwa mbaya, Mungu anisamehe. Vitanzi vimeruka, upande mmoja umevutika kama shavu la mtu aliyeng'olewa jino. Lakini pale juu utosini, uzi ulipofungiwa, nikaliona fundo. Uzi umepitishwa kwenye vitanzi vyote, umekazwa, umerudishwa kinyume, umefungwa mara mbili, na mkia wake umelazwa kushoto chini ya mshono.

Fundo hilo nilifundishwa na mama Damyanti, yule Mhindi aliyekuwa akiuza nyuzi kule mjini, nami nilikuwa msichana mdogo. Yeye alifundishwa na bibi yake. Sijawahi kuliona kwa fundi mwingine yeyote. Na mimi nimemfundisha mtu mmoja tu duniani.

Alikuwa kijana mmoja kutoka Urambo aliyekuja kununua sweta la mpwa wake, akashindwa kuondoka. Kesho yake akarudi kubadilisha rangi. Kesho kutwa akarudi kuangalia kama rangi ile ilikuwa sawa. Shangazi akasema mwanamume wa kukaa kibarazani bila kazi analeta nuksi, basi nikampa mizula ya watoto awe ananifungia utosini. Alifunga vibaya, lakini alifunga.

"Shangazi," nikasema, "nipe simu."

Nikampigia Justus. Akapokea kabla haijaita vizuri. Macho mekundu, hajalala yule.

"Koleta! Asante Mungu. Sikia, kuhusu—"

"Nyoosha mikono."

"Nini?"

"Vidole vyako. Vilete kwenye kamera nivione."

Akavileta. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na mfereji mwekundu, pale uzi unapokatisha mtu akifuma sana. Mimi ninao hapo hapo.

"Justus. Nani kakufundisha kuongeza nafasi ya nywele?"

Akajikuna shingo.

"Bibi mmoja. Ana miaka themanini na kitu. Wanakutana ukumbi wa kanisa, mabibi watupu. Mwanamume ni mimi peke yangu."

Nyuma yangu Shangazi Yustina akaguna. Nikamkata jicho.

"Ulifuata nini huko?"

"Koleta, nilipofika huku kila mtu aliniambia nunua koti, nunua buti, nunua glavu. Nikanunua vyote. Hakuna aliyeniambia kuhusu ukimya. Unarudi kazini giza, madirisha yamefungwa, jirani hata kukohoa humsikii. Kuna siku nilijikuta nasalimiana na friji. Siku moja napita pale kanisani nikasikia sindano zinagongana, na wanawake wanasengenya. Sijui walimsengenya nani, lugha yao ilikuwa ya haraka. Lakini zile sindano zilikuwa kama kibarazani kwako. Nikaingia nikakaa."

Nilikuwa nimemkasirikia kiasi kile, na kumbe alikuwa amekaa katikati ya mabibi wa watu kwa sababu yangu.

"Na ule mzula?"

"Ni wako. Nilikuwa naujaribu, ukapiga simu, nikasahau kuuvua. Nilitaka nikuvalishe mimi, siku utakayoshuka kwenye ndege. Ndiyo maana nikasema nitakuambia ukija."

"Ungesema tu!"

"Ungecheka. Na ungesema vitanzi vimeruka."

"Vimeruka."

"Umevionea wapi?"

"Wa mama yako ninao mkononi. Tumeuvua watu watatu."

"Mwanangu," Mama Justus alidakia, "asante kwa zawadi. Siku nyingine niletee khanga."

Sote tukacheka, lakini mimi nilikuwa na swali langu.

"Kichwa changu ulikipimaje na mimi niko Tabora?"

Akaiweka simu mezani, akainua mikono yake miwili, akaiviringisha hewani taratibu kama mtu aliyeshika kitu kisichotakiwa kuanguka.

"Nakumbuka," akasema.

Nililia, na sikujificha.

"Sasa analia nini?" Mama Justus akauliza. "Si kaambiwa ni wake?"

"Analia kwa sababu mwenye rasta kapatikana," Shangazi Yustina akamjibu, "na kanyolewa jana."

"Kanyolewa?" Justus akasogeza uso kwenye kamera. "Nani kanyolewa?"

Sikuwa na la kufanya. Nikarudi nyuma kidogo ili kichwa kitoshe chote kwenye simu.

"Koleta!" Alishika kichwa chake mwenyewe. "Nimefumua ule mzula mara nne ili rasta zikae! Nywele ziko wapi?"

"Kwa kinyozi."

"Na huku kichwa kitupu ni kama kulala mlango wazi!"

"Hiyo uliisahau kwenye masomo."

Jumapili padre alisoma tangazo letu. Watu waligeuka kunitazama, na nilijua si kwa sababu ya tangazo.

Justus alifika siku chache kabla ya Krismasi, na mzula hakuuacha. Siku ya harusi, ukumbini, baada ya keki, alinyanyuka akautoa kwenye mfuko wa koti, akanivalisha mbele ya watu wote. Ulinishuka mpaka puani. Nikasikia vigelegele gizani, na vicheko, na mtani mmoja wa Kizaramo anapiga kelele kwamba Wanyamwezi wameanza kuoa magunia.

Mama Justus akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, wewe ni fundi. Upunguze basi, si kazi ya muda kidogo tu?"

Nikaupandisha mpaka nikamwona mume wangu, anatokwa jasho, anasubiri niseme kitu kuhusu vitanzi.

"Siupunguzi, mama," nikasema. "Nywele zitaota."