Migomba ya Korongo la Ngarasi

Mwili wa Oscar ulikutwa ndani ya pikapu yake, mkanda ukiwa bado umefungwa kifuani. Gari lilikuwa limelala ubavu kati ya mawe, chini kabisa ya korongo la Ngarasi. Mikungu ya ndizi aliyokuwa akiipeleka sokoni Kwa Mrombo ilikuwa imetapakaa kwenye matope hadi mashambani mwa watu. Hakuna aliyeokota hata chane moja.

Inspekta Lesikar alishuka bondeni akijishikiza kwenye majani. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Maji ambayo jana jioni yalipindua gari, sasa yalilowesha vifundo vya miguu tu.

"Hakuna jeraha la silaha, afande," alisema Koplo Vaileth. "Daktari ataupima mwili, lakini inaonekana amekufa maji."

"Basi ni ajali. Kwa nini mmeniita mimi, mpelelezi?"

"Kwa sababu ya migomba. Wewe umekulia kwenye ng'ombe kule Kisongo, huwezi kuiona. Njoo nikuonyeshe."

Vaileth alizaliwa miteremko hiyo ya Meru, na wakati wakipanda alimweleza. Barabara ya Ngarasi haina daraja. Mlima ukinyeshewa, maji hushuka ghafla hata kama huku chini kumekauka. Kwa hiyo Mzee Abdiel, dereva mstaafu ambaye nyumba yake iko upande wa juu wa korongo, husikiliza mlima. Akisikia ngurumo ya maji, hukata migomba na kuilaza barabarani. Upande wa chini, mwenye duka aitwaye Godbless hufanya vivyo hivyo. Hawalipwi na mtu. Dereva akikuta mgomba umelala, huzima gari akasubiri. Asipoukuta, hupita.

"Sasa tazama," alisema Vaileth.

Kando ya barabara, upande wa juu, migomba miwili ilikuwa imepangwa vizuri chini ya ua wa shamba. Majani yake hayakuwa na tope.

Lesikar aliinama. "Maji hayakufika hapa."

"Hayakufika. Na maji hayapangi vitu, afande."

Mzee Abdiel alikuwa amesimama na majirani, amevaa mabuti ya mpira na koti zito. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana ulifunga barabara?"

"Nilifunga kwa mikono yangu. Migomba miwili, imepishana kama mkasi."

"Kwa nini ipishane?"

Mzee aliinua kichwa kidogo. Lilikuwa swali la kazi yake. "Mgomba ukilala peke yake, dereva atasema umeangushwa na upepo. Ikipishana, anajua kuna mtu aliyemfikiria."

"Nani aliiondoa?"

"Sijui."

"Hukusikia gari?"

"Mvua ilikuwa inapiga bati. Sikusikia kitu."

Lesikar alimshukuru, akaenda nyumbani kwa marehemu. Jackline, mjane wa Oscar, alikuwa ameketi chini, katikati ya wanawake waliokuwa wakisema kwa sauti za chini. Alijibu bila kuinua uso.

"Alinipigia simu jana jioni. Nikamwambia, Oscar, huku mvua ni kubwa, lala huko huko juu. Akacheka. Akasema, 'Niko korongoni. Maji yapo, lakini mzee hajafunga. Napita.'"

"Alisema maji yapo?"

"Alisema. Lakini mzee hajafunga. Alisema hivyo, ndiyo maneno yake ya mwisho."

Mwanamke mmoja akamfunika bega kwa khanga. Lesikar alitoka nje akasimama kidogo kabla ya kuvaa kofia yake.

Upande wa chini wa korongo, Godbless alikuwa na hasira tayari.

"Afande, msitafute mbali. Mkamateni Peter wa tipa! Huyo akikuta mgomba anautupa tu. Anasema yeye hafungiwi njia na ndizi."

Peter alipatikana kwa fundi wa magari huko Lemara, tipa yake ikiwa juu ya jeki.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, chini ya hili jini. Gia boksi imekufa tangu juzi. Muulize fundi, alikula chipsi zangu zote."

Fundi alikubali, hata kuhusu chipsi.

"Lakini umewahi kuondoa migomba ya mzee?"

Peter alifuta mikono kwa tambara. "Nimewahi. Sitakudanganya. Ila leo naapa, sirudii." Kisha akauliza, "Upande wa chini nako migomba ilikuwa imetolewa?"

"Hapana. Ilikuwepo barabarani."

"Basi huyo jamaa aliyeitoa ya juu alipitaje? Gari haliruki."

Lesikar alimtazama, kisha akamtazama Vaileth. Wakarudi kwenye gari bila kuaga vizuri.

Migomba ya upande wa chini ilikuwa bado imelala pale pale barabarani. Lesikar alimwita Godbless kutoka dukani.

"Jana uliilaza namna gani?"

"Kama siku zote. Sambamba, mmoja nyuma ya mwingine. Halafu nikaingia ndani, mvua ikanifungia humo mpaka asubuhi."

"Hebu itazame."

Godbless aliitazama. Mdomo ulibaki wazi. Migomba ilikuwa imepishana, kama mkasi.

"Hii sikuifunga mimi," alisema polepole.

Walianza kupanda kurudi juu. Njiani Vaileth alisema, "Alitoka juu. Akafungua, akavuka. Huku chini akafungua tena, akapita, na akafunga nyuma yake. Ila kule juu hakuweza kurudi kufunga."

"Ndiyo."

"Afande, mzee huyu ndiye aliyenifundisha kuvuka barabara."

"Najua ni vigumu. Kama unataka, baki kwenye gari."

"Sibaki."

Mzee Abdiel aliwakaribisha ndani. Land Rover yake ya zamani ilikuwa uani, tope limeganda hadi kwenye vioo. Mezani palikuwa na kikapu, na ndani yake chupa ya uji, bakuli la mtori na kijiko kimoja.

"Mama yuko wapi?" aliuliza Lesikar.

"Eunike? Mke wangu amekwenda kumtembelea dada yake mjini."

"Dada yake hana jiko?"

Mzee alivuta kiti. Aliketi. Vaileth alipiga magoti mbele ya kiti chake, kama mtoto wa nyumba ile, akamshika mkono.

"Babu, Mama Eunike yuko hospitali gani?"

Ndipo mzee alipolia. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Lesikar alimsubiri. Kisha akamweleza haki zake, kwamba halazimiki kusema neno.

"Nitasema. Nimechoka kutosema." Alijifuta uso. "Pumu ilimshika jana, mvua ilipokuwa kali. Dawa ya kuvuta haikumsaidia. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nilikuwa nimeshafunga barabara. Nikajiambia, mimi nimeendesha magari miaka yote, korongo hili nalijua, na gari langu ni refu. Nikafungua nikavuka. Maji yalitusukuma, lakini tukapita."

"Na ng'ambo?"

"Niliifungua ya Godbless, nikapita, nikaifunga. Mikono ilifanya yenyewe. Halafu nikageuka nikatazama huku juu. Nikaona nimeacha wazi. Maji yalikuwa yamepanda, siwezi kurudi. Na Eunike anahangaika garini."

"Simu ulikuwa nayo?"

"Mfukoni. Ningempigia jirani yeyote, angefunga. Nikasema nitapiga nikifika lami. Kufika lami, Eunike akazimia. Sikukumbuka tena. Nimekumbuka alfajiri, nikiwa kwenye benchi la hospitali, daktari aliponiambia mke wangu atapona. Nikakimbiza gari kurudi, nikafungua ya Godbless, nikaifunga tena nyuma yangu. Nikawakuta watu wamejaa korongoni."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi? Uliogopa jela?"

"Jela!" Mzee alitikisa kichwa. "Eunike alimfundisha Oscar shule ya Jumapili. Anamwita mwanangu mpaka leo. Hajui kama amekufa. Akijua kwamba pumzi yake imelipiwa na pumzi ya Oscar, ataikataa."

Kuku aliingia mlangoni, akatazama, akatoka.

"Oscar naye aliyaona maji," alisema Lesikar. "Alimwambia mkewe yapo. Kila mwenye usukani ana macho yake, mzee. Nitaliandika hilo pia kwenye jalada."

"Andika. Lakini aliniamini mimi kuliko macho yake. Hilo nalo nililifanya mimi, mwaka baada ya mwaka, na nikaona fahari." Alisimama. "Nina ombi. Jackline asisikie habari hii kwa watu. Nimwambie mwenyewe, halafu tuondoke."

Lesikar alikubali.

Njiani mzee alisimama kwenye mpaka wa shamba, akachuma jani la sale. Vaileth alimnong'oneza Lesikar kwamba Wameru wakiomba msamaha huja na jani hilo, na anayepelekewa ni vigumu sana kukataa. Mzee alilikunja, akalifunga fundo. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akalifungua na kuliacha juu ya ua.

"Nikienda na hili nitamlazimisha," alisema. "Nitakwenda mikono mitupu."

Wanawake waliwapisha. Mzee Abdiel aliketi chini, mbele ya Jackline, akasema yote. Hakupunguza neno, wala hakuitanguliza pumu ya mkewe. Aliitaja ilipofika mahali pake.

"Kwa hiyo ulisahau," alisema Jackline.

"Nilisahau, mwanangu. Sina neno lingine."

"Simu iko mfukoni."

"Iko mfukoni."

Jackline alimtazama kwa mara ya kwanza. "Tangu asubuhi wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji, mashemeji, wote. Nimekaa hapa najiuliza Oscar alimkosea nini Mungu." Aliivuta khanga begani. "Sasa angalau najua wa kumkasirikia."

"Nikasirikie, mwanangu. Mimi nipo."

"Nimekasirika! Na leo usiniombe kitu kingine."

"Siombi."

Alilia, na mzee alikaa pale pale, hakujitetea wala hakuondoka. Baadaye Vaileth alimgusa bega kumwashiria kuwa muda umefika. Mzee aliinuka kwa shida, na Lesikar akamshika kiwiko. Pingu zilibaki mkandani.

Walikuwa mlangoni Jackline alipouliza, "Mama Eunike anapumua vizuri?"

"Anapumua."

"Hajaambiwa?"

"Bado."

Jackline alijifuta uso kwa pembe ya khanga. "Basi asiambiwe na polisi, wala na wewe. Mwacheni apone kwanza. Tukishamzika Oscar, nitakwenda mwenyewe nikae naye kitandani, nimwambie. Na nitamwambia kwamba yeye hana kosa."