Hadijah Aliyeandikwa Hayupo

Kila asubuhi, kabla teksi hazijajaa barabarani hapa Bugembe, namgeuza mjukuu wangu kitandani. Kwanza ubavu wa kushoto, kisha tumbo. Namsafisha kidonda kama muuguzi alivyonifundisha. Kidonda hicho alikipata kwa kukaa muda mrefu kwenye kiti cha magurudumu. Muuguzi alisema asikae wala asisafiri mpaka kipone.

Jina lake ni Hadijah; mimi huniita Jaja, yaani bibi. Miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni. Anasomea ualimu katika chuo kimoja huko Mbale. Alikuwa amebakiza jambo moja tu: kueleza utafiti wake mbele ya walimu na wanafunzi wenzake. Asipoueleza, hapati cheti.

Mwaka jana alikwenda. Ukumbi uko ghorofani. Wanafunzi wanne walimbeba pamoja na kiti chake. Kwenye ngazi mmoja aliteleza, na Hadijah akaanguka mbele ya watu. Hakupanda tena. Alirudi nyumbani.

Mwaka huu chuo kilimtumia linki kwenye simu. Walisema atazungumza akiwa nyumbani, nao watamsikia ukumbini. Tulifurahi. Nilimpigia pasi hijabu yake ya buluu. Alilala kwa tumbo, simu mbele yake kwenye kigoda.

Lakini simu ilituonyesha dari. Dari na feni, basi. Huko ukumbini walikuwa wamelaza simu yao mezani. Sauti za watu zilikuja kama zinatoka ndani ya pipa. Saa moja ilipita, kisha ya pili. Halafu tukasikia jina lake.

"Nipo, mwalimu," Hadijah alisema.

"Hadijah hayupo?"

"Nipo. Nipo hapa."

"Haya, anayefuata."

Alisema nipo mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyetazama simu. Jioni ujumbe ulikuja: ameandikwa hakuhudhuria, asubiri mwaka ujao.

"Mwaka ujao watanitupa wapi?" aliniuliza. "Ngazini au mezani?"

Nilimfunika shuka.

Utafiti wake ulihusu watoto wa darasa la kwanza wanaojifunza kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Alikuwa na mfuko mzima wa vifuniko. Aliugawa wote kwa watoto wa jirani. Vitabu akaniambia nivitie kwenye boksi. Kwa wiki tatu hakufungua hata kimoja. Nilipomgeuza alikuwa mzito kuliko zamani, maana hakunisaidia tena kwa mikono yake. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, asinione.

Siku moja jirani yetu Waiswa alikuja kutusalimia. Anafanya kazi redioni, Jinja mjini. Hakubaki mlangoni kama wageni wengine. Aliketi chini sakafuni, uso wake ukawa usawa wa uso wa Hadijah. Nililiona hilo.

"Mwalimu, habari za wanafunzi?"

"Mimi si mwalimu. Mimi sipo. Waulize Mbale."

Nilimweleza yote. Waiswa alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikuwa anaangalia ile simu?" aliuliza.

"Hakuna," Hadijah alisema.

"Basi kosa ndilo hilo. Redioni kwetu, msikilizaji akipiga simu, ana mtu wake. Mtu huyo ni mimi. Namsalimu, napima sauti yake, namwambia mtangazaji kuna mtu anangoja. Bila mimi, mtangazaji angeongea peke yake mpaka jioni. Na huyo wa kwetu angefurahi sana."

Hadijah alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu.

"Kutuma linki ni mwanzo tu," Waiswa aliendelea. "Lazima mtu mmoja akae na simu yako, asiwe na kazi nyingine. Simu isimame, ikuonyeshe watu. Anayezungumza ashike kipaza sauti karibu na simu. Mjaribu siku moja kabla. Na mtandao ukikatika, yule mtu akupigie simu ya kawaida, aiweke kwenye kipaza sauti. Mwambie mwalimu wako."

"Mwambie wewe. Mimi nimechoka kusema."

"Nitampigia. Lakini utasema wewe."

Waiswa alimpigia Mwalimu Semei, msimamizi wa utafiti, kisha akamshikia Hadijah simu sikioni. Hadijah alisema, polepole, jinsi alivyokaa saa mbili akitazama feni.

Sauti ya Mwalimu Semei ilisikika mpaka kwangu.

"Tulidhani linki inatosha," alisema. "Tulizima sauti ya ile simu ili isitusumbue. Nisamehe, binti. Usingoje mwaka ujao: walimu watakaa tena baada ya wiki mbili kwa wanaorudia, nawe nitakuingiza. Niambie tufanye nini."

Hadijah alimwambia. Akaongeza mambo mawili ambayo Waiswa hakuyajua: kila kinachoandikwa ubaoni kisomwe kwa sauti, na walio mbali waandikwe kwenye daftari la mahudhurio kama wengine. Aliomba rafiki yake Shamim ndiye akae na simu.

Siku ilipofika, Shamim aliisimamisha simu kwa vitabu viwili. Tuliwaona watu wote. Walimwita Hadijah kwanza, akaanza. Katikati ya maneno mtandao ukakatika. Hadijah aliweka paji la uso kwenye mto.

"Basi," alisema. "Iko hivyo tu."

Hata mimi niliamini imeisha.

Simu ililia. Ilikuwa ya kawaida.

"Endelea," Shamim alisema. "Nimekuweka kwenye kipaza sauti. Wamekaa, wanakungoja."

Aliendelea mpaka mwisho. Walimu walimuuliza maswali matano. La mwisho liliulizwa na mwalimu mmoja mkali. Alisema sehemu ya tatu ni dhaifu: Hadijah aliwapima watoto wachache mno, airekebishe na kuituma kabla ya Ijumaa. Akirekebisha, amefaulu.

Simu ilipokatwa, Hadijah alikuwa analia. Kidonda bado kiko wazi. Mwaka mzima umepotea, na wenzake aliosoma nao wameshaanza kazi. Nilidhani maneno ya yule mwalimu yamemuumiza.

"Usijali maneno yake," nilisema.

"Hapana, Jaja. Amenisikiliza mpaka akaona kosa langu."

Alifuta macho, akaniomba lile boksi la vitabu. Nililivuta kutoka chini ya kitanda, nikampa na kalamu.