Mtoto Akishiba, Unipokee

Tulisahau chumvi. Hilo tu ndilo lililonipeleka kwenye dungu la jirani jioni ile ya Jumamosi, mkesha wa Pasaka.

Tulikuwa watatu, marafiki tangu darasa la kwanza. Mimi, Edna na Tekla. Edna anasuka nywele Ifakara mjini, na mdomo wake haujui kupumzika. Tekla ni mtulivu. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto, lakini tangu nimzae Vitus hajawahi kuja kwangu mikono mitupu. Akikosa sabuni, ataleta ndizi. Akikosa ndizi, atanifulia.

Ndiye aliyetualika. Kwao wana shamba la mpunga bondeni, mbele ya kijiji cha Michenga, na kibanda cha kukaa wakati wa kilimo. Akasema twende siku za sikukuu tukapumzike. Tule, tulale, tucheke, wanaume wabaki wajipikie. Kaka yake, Deus, alituvusha Ijumaa kwa mtumbwi, maana mvua ilikuwa imejaza mkondo na njia ya miguu imezama. Akaahidi kuturudia Jumatatu. Kabla ya kuondoka aliweka jiwe bapa mlangoni ili nisiteleze na mtoto. Watu hufanya wema mdogo kama huo wakausahau. Mimi huwa sisahau.

Na kweli tulipumzika. Tulichoma samaki wa kitoga, tukala na wali kwa vidole. Edna alitupaka rangi za kucha huku akisema habari za watu wa mjini hadi tukashika mbavu. Jumamosi nililala mchana, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Nilipoamka nilimkuta Tekla amekaa nje na Vitus mapajani. Kanga yake ameitandaza juu ya mtoto apate kivuli. Yeye mwenyewe jua lilikuwa linamwunguza mabega.

Siku hizo mpunga ulikuwa unatoa maziwa. Ni wakati wa kuamia. Ndege aina ya kwelea wakishuka, shamba linaisha kabla chai haijapoa. Kwa hiyo watu hujenga dungu, jukwaa la miti, kisha hufunga kamba kutoka pale hadi pembe za shamba na kuning'iniza makopo matupu. Aliye juu akivuta, makopo yanalia, ndege wanaruka. Bonde zima lina desturi moja. Kamba ya ndege haiwekwi chini. Ukichoka unamwita aliye karibu, naye anakupokea mkononi. Huulizi shamba ni la nani. Leo unampokea mwenzako, kesho utapokelewa wewe.

Kwenye shamba la jirani alikuwapo bibi. Tulimwona kwa mbali tu, mwembamba, amesimama. Hatukumwona akikaa. Tulisikia makopo yake kutwa.

Ko... ko... ko...

Nikagundua jambo. Kila Vitus alipolia, makopo yale yalibadilika. Yalilia polepole, kwa mwendo wa mtu anayebembeleza. Na Vitus alinyamaza. Nikasema moyoni, bibi yule ana upendo. Sitaondoka bila kumshukuru.

Jioni Edna akainjika samaki, akapekua vikapu vyote. Chumvi hakuna.

"Rangi za kucha tatu, chumvi hata punje," Tekla akasema.

"Kila mtu na wito wake," Edna akajibu.

Nilicheka, nikachukua kikopo. Vitus alikuwa amelala. Nikawaambia naenda kwa bibi, nakuja sasa hivi.

Jua lilikuwa linazama upande wa milima. Nilipita kwenye tuta kati ya mashamba, maji yakiwa huku na huku. Nilipokaribia dungu nilisikia harufu. Harufu ya mpunga uliolowa ukafungiwa guniani siku nyingi. Nilijiambia ni mvua.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia.

Nikadhani hasikii vizuri. Nikapanda ngazi. Alikuwa amenipa mgongo, kamba mkononi, anavuta, anaachia. Kanga yake ilikuwa imefifia hata maua hayaonekani.

"Mtoto kalala?" akauliza.

Nikasema amelala. Nikamshukuru kwa kumbembeleza. Nikamweleza shida ya chumvi. Akageuka kidogo. Uso wake ulikuwa wa mzee kabisa, ila macho yalikuwa ya mtu aliyekesha.

"Chumvi iko chini kwenye kibuyu. Mikono yangu ndiyo haina nafasi. Nishikie kidogo, mama."

Ningefanyaje? Ni bibi. Na ni kamba ya ndege. Nikanyoosha mkono.

Vidole vyake viliachia kimoja kimoja, kana kwamba vimesahau kazi hiyo. Kamba ilikuwa ya moto. Si moto wa jua. Moto wa mwili.

Akashuka. Chini alisimama akikunja na kukunjua viganja vyake, akiviangalia. Nilitazama pale chini ya dungu.

Hapakuwa na kibuyu.

"Nisamehe, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Wangu pia ananyonya."

Akaingia kwenye mpunga, akaenda. Mpunga haukutikisika.

Nilimwita. Bibi! Bibi! Hakugeuka. Nikasema basi, naiacha kamba, liwalo na liwe. Nikafungua mkono.

Mkono haukufunguka.

Nilitumia mkono wa kushoto kuvibandua vidole vya kulia. Niligumia kwa maumivu. Havikutoka. Hakuna fundo, hakuna gundi. Vilikuwa vidole vyangu, na vilikataa. Nikatulia kidogo nifikiri. Ndipo kamba ikakaza, ikanivuta hadi ukingoni mwa dungu.

Huko mwisho wake, ndani ya mpunga, kulikuwa na kitu kilichoshika upande wa pili.

Nikavuta. Kikalegeza. Nikaacha. Kikavuta.

Ndege walikuwa wameshakwenda kulala. Hakukuwa na hata mmoja. Lakini nilivuta, makopo yakalia, kwa sababu nikiacha nitaanguka, na chini ya dungu nilisikia pumzi. Nzito. Yenye subira.

Kibandani, Vitus akalia.

Kila mama anajua. Maziwa yalinitoka yenyewe, yakalowesha blauzi. Nilikuwa namwona Edna kwa mbali, kivuli mbele ya moto, anatembea na mwanangu begani, anampigapiga mgongo. Vitus alilia hadi sauti ikakatika, akaanza tena. Miezi saba, hajawahi kunywa kitu kingine. Nilipiga kelele majina yao. Sauti yangu ilifika ukingo wa shamba, ikaishia pale.

Giza lilipokuwa linaingia niliona mwanga wa simu kwenye tuta. Tekla.

"Levina? Unafanya nini huku? Mtoto analia."

Nikamwambia asinisogelee. Nikamweleza yote kwa kunong'ona, sijui kwa nini nilinong'ona. Tekla hakucheka. Alipanda ngazi, akamulika mkono wangu, akamulika kamba ilivyokwenda hadi kupotea gizani. Alikuwa na kisu cha samaki. Akaweka makali juu ya kamba, akakata kidogo.

Nililia kama nimekatwa mimi. Akakitupa kisu.

Chini, pumzi. Ng'ambo, kilio cha Vitus, sasa hafifu, cha mtoto aliyechoka kudai.

"Lete," Tekla akasema.

"Hapana."

"Mimi sina anayenililia, Levina."

"Tekla, hapana."

"Nenda ukamnyonyeshe. Mtoto akishiba, urudi unipokee. Si ndivyo tunavyofanya siku zote?"

Alisema kwa upole ule ule aliotumia kunipokea ndoo kisimani tangu tukiwa watoto. Akaweka kiganja chake juu ya changu. Nikasema nitarudi. Nilimaanisha. Na vidole vyangu, vilivyonikatalia muda wote ule, vikafunguka vyenyewe.

Nilikimbia. Nilianguka majini mara sijui ngapi. Edna alinipa mtoto. Vitus akadaka titi, akanyonya huku ameshikwa na kwikwi. Nilimweleza Edna, naye akasema tumalize hapa twende wote, tumtoe Tekla hata kwa meno.

Ndipo makopo yakasikika. Karibu.

Ko... ko... ko...

Hayakuwa shambani. Yalikuwa yanakuja njiani.

Tekla alisimama mlangoni, juu ya jiwe la Deus. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya kanga. Kutoka chini ya kanga ilitoka kamba, ikateremka, ikaburuzika kwenye matope, ikaingia gizani alikotoka. Ile harufu ya gunia ikajaa chumba.

"Mtoto ameshiba?" akauliza.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa bado ananyonya.

"Bado," nikasema.

Tekla akainamisha kichwa taratibu. Akamtazama Vitus kwa upendo, nitaapa hivyo hata madhabahuni.

"Mwache ale. Sina haraka."

Akarudi zake. Edna aliyekaa bega kwa bega nami akaniuliza naongea na nani.

Jumapili ya Pasaka maji yalipanda hadi kwenye kuta. Hapakuwa na njia ya kutoka wala simu haikushika mtandao. Edna alijaribu kuvuka kwenda kwenye dungu, maji yakamfika shingoni, akarudi analia. Kwa mbali tulimwona Tekla amesimama, anavuta, anaachia. Mimi nilikaa kibandani na Vitus kifuani mchana kutwa. Nilimnyonyesha hata alipogeuza uso. Niliogopa kumwona ametosheka.

Jumatatu Deus alikuja. Akapitisha mtumbwi hadi chini ya dungu amchukue dada yake. Tekla hakushuka. Alisema tutangulie, ndege ni wengi. Deus akamwambia basi ampe yeye kamba, akapumzike.

"Nina wa kunipokea," Tekla akajibu. "Nimeshaahidiwa."

Hakunitazama alipolisema hilo. Deus akacheka, akasema ndoa imemfundisha kazi hatimaye. Edna akajaribu kumweleza, naye akadhani ni utani wake wa kila siku. Nikataka kumweleza mimi, lakini kila nilipofungua mdomo vidole vyangu vya mkono wa kulia vilijikunja vyenyewe.

Njiani, anapiga kasia, Deus alituambia habari za Michenga. Asubuhi ya Pasaka watu wametoka kanisani, wamekuta bibi kizee bombani ananawa mikono. Ananawa, anaiangalia, ananawa tena. Hakuna anayemfahamu. Kila mama aliyepita na mtoto alimshika kanga, akamwuliza kama amemwona mwanawe. Mtoto mchanga, amemwacha anamsubiri, bado ananyonya.

"Kizee kabisa," Deus akasema. "Kifua kikavu kama ubao. Wakampa uji, akakataa. Akaketi akafa."

Kuhusu lile shamba, nimeuliza. Wengine wanasema mwenyewe yuko mbali, alilitilia dawa ili ndege wasile, na dawa yenyewe ni mkono wa mtu. Wengine wanasema halina mwenyewe. Wote wanakubaliana kwamba mpunga wake hauliwi hata punje. Na hakuna aliyewahi kuona ukivunwa.

Mume wa Tekla alikwenda kumtoa. Alirudi na kiganja kimevimba, na hadi leo hataki kusema aliona nini. Padre alikwenda, akasali. Mama mzazi wa Tekla hupeleka chakula, anakikuta kesho yake kimeota ukungu. Tekla hamkatalii mtu kwa ubaya. Anasema tu anaye wa kumpokea. Wakimsalimia, haitikii.

Vitus sasa ana miaka miwili na kitu. Mama mkwe wangu ananisema, mtoto mkubwa hivi bado titi, utamfanya zuzu. Baba Vitus amechoka kuuliza. Nesi wa kliniki alinishauri kwa upole, akaniwekea hata kiti nikae. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikamnyonyesha.

Maana jua likizama huwa nayasikia, hapa hapa Ifakara, mbali na bonde. Yanakuja na uchochoro wa nyuma, yakigonga kwenye mawe. Ko... ko... ko... Yanasimama chini ya dirisha la chumba. Harufu inaingia kwanza.

"Mtoto ameshiba?"

Mwaka wa kwanza ilikuwa sauti ya Tekla. Siku hizi imekuwa ya mtu mzima sana. Siku moja nilithubutu kuchungulia. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe, na maua ya kanga yake, ile aliyomfunikia mwanangu, yalikuwa yamefutika.

"Bado, Tekla."

"Sina haraka."

Sijawahi kumwona mtu mwema kama yeye. Najua siku itafika. Nimejiapia nitakwenda mwenyewe, nisimtese zaidi. Halafu Vitus ananikumbatia shingo, najikuta nasema kesho.

Ila amekuwa mwepesi wa kuongea. Kila siku neno jipya. Kwa hiyo nimekuwa nikimfundisha tukiwa wawili kitandani. Mtu akiuliza, unasema nini? Sema bado. Sema, baba. Bado.

Jana jioni nilikuwa nimemweka kifuani, taa haijawashwa. Makopo yakaja, yakafika dirishani. Swali likaulizwa. Kabla sijajibu, Vitus alilitoa titi mdomoni. Akajifuta kwa kiganja. Akaligeukia dirisha, akacheka kama anayemjua aliyeko nje.

"Nimeshiba."

Nikamziba mdomo kwa mkono.

Nje, makopo yalinyamaza.