Daftari la Chumba cha Baridi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Warda alipitia kwenye chumba cha baridi cha kikundi cha akina mama wauza samaki kijijini Bodo. Kazi yake ilikuwa ndogo: kuingia ndani, kusoma kipimajoto kilichotundikwa ukutani nyuma ya makreti, kuandika digrii daftarini, kisha kumtumia Fundi Kanyiva nambari hiyo kwa simu ya mamake.

Kanyiva aliishi Ukunda. Ndiye aliyeifungia mashine ya chumba hicho kifaa kipya kiitwacho ejekta, mahali pa vali ya zamani. Vali ile ilikuwa ikiipoteza bure nguvu ya gesi iliyogandamizwa. Ejekta, bomba fupi lenye tundu jembamba, iliitumia nguvu hiyohiyo kuivuta gesi iliyotoka chumbani na kuisukuma kuelekea kompresa, pampu inayoigandamiza gesi, na kompresa ikapunguziwa mzigo. Tangu hapo betri za sola zilizoiendesha mashine hazikuzimika tena kabla ya alfajiri.

"Njia ya tundu hili ikiziba, baridi itapungua kidogo kidogo," Kanyiva alikuwa amemwambia Warda. "Nambari ikipanda nitajua, na nitakuja. Wewe ndiwe jicho langu."

Warda hakuwa mtoto mvivu, tuseme ukweli. Lakini baridi ya mle ndani ilimchoma mpaka mifupani, na kengele ya shule haikumsubiri. Kila siku alikuta digrii mbili. Basi asubuhi moja akaandika mbili bila kuingia, na ndiyo aliyomtumia Kanyiva. Kesho yake akafanya vivyo hivyo, na kwa siku tisa hakuvuka kizingiti. Akina mama waliingia na kutoka wakiweka samaki, ila kwa mtu aliyetoka juani, hata digrii kumi ni baridi. Walilitazama daftari wakaridhika.

Siku ya kumi mnunuzi wa Diani aliwarudisha samaki wote kwa kuwa walikuwa wameanza kuoza. Changu, tafi na pweza, kazi ya wiki nzima, wakafukiwa shimoni nyuma ya chumba huku akina mama wakilia.

Kanyiva alipigiwa simu, akafika mchana huohuo. Warda alimwamkia shikamoo macho yakiwa chini. Fundi akaifunga gesi, akafungua chujio lililo mbele ya ejekta, akamwaga uchafu mweusi kiganjani. Alieleza kwamba uchafu huo haukukusanyika kwa siku moja, na kwamba nambari zilipaswa kupanda.

Mwanapili, mamake Warda na mwenyekiti wa kikundi, akalinyanyua daftari. Mbili, mbili, mbili. Aliyeandika ni binti yake, alisema, na binti yake hasemi uongo. Hapo maneno yakamwagika, yake na ya wenzake. Kanyiva aliitwa tapeli, akaitwa mtu wa bara aliyekuja kufanyia majaribio samaki wa watu. Akaambiwa aking'oe kidude chake na asionekane tena Bodo.

Kanyiva alimtazama Warda. Kisha akainama, akaanza kulegeza nati. Kutazamwa kule kulimuuma Warda kuliko kofi.

"Mama," alisema Warda, "sikuingia. Nambari hizo nilizitunga."

Mwanapili alilishusha daftari polepole, uso ukiwa umemsawijika.

Kanyiva akasafisha chujio, akakaza nati alizolegeza, akaiwasha mashine. Ilipofika alasiri kipimajoto kilisoma mbili za kweli. Akina mama walimwomba radhi, wakamwandalia chai na mahamri. Alisema amesamehe, lakini chai hakuinywa. Alifunga mfuko wake wa vifaa akaondoka.

Mwanapili alimkalisha Warda juu ya kreti tupu.

"Samaki tutapata wengine, mwanangu. Maneno niliyomwambia mtoto wa watu mbele ya kadamnasi, nitayarudishaje mdomoni? Lau daftari lingekuwa tupu, tungeingia kutazama wenyewe. Ulichoandika ndicho kilichotuziba macho. Ukishindwa kuingia, sema umeshindwa, tutakusaidia. Usituandikie usichokiona."

Asubuhi iliyofuata Warda aliingia, akasimama mbele ya kipimajoto mpaka vidole vikafa ganzi, akaandika: mbili. Mwanapili aliisoma, kisha akaingia ndani kuhakikisha mwenyewe.