Mshonaji wa Cherehani cha Mwisho

Mama Mkasi alikuwa msimamizi wa kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Aliingia hapo akiwa msichana, akapewa kazi ya kukata vitambaa, na jina la mkasi likamganda mpaka leo. Sasa alikaribia miaka hamsini. Chini yake kulikuwa na wafanyakazi ishirini na tisa.

Kila asubuhi alifungua mlango, akawasha taa, akasimama mbele ya chumba na kutangaza kazi za siku. Hakuhitaji kipaza sauti. Sauti yake ilivuka ngurumo za vyerehani vyote, na mwenyewe alijivunia hilo.

Kwenye cherehani cha mwisho, karibu na ukuta, aliketi mwanamke aliyeshona kola. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alikaa ameupa mlango mgongo, kwa sababu ndivyo cherehani chake kilivyowekwa miaka mitano iliyopita. Kola zake hazikurudishwa hata moja. Kiwandani walimwita Bubu.

Mkataji vitambaa, mtu wa mizaha, alikuwa na mchezo wake. Akipita nyuma ya mwanamke huyo, alipiga makofi karibu kabisa na kisogo chake. Mwanamke aliendelea kushona. Watu wakacheka. Siku nyingine Mama Mkasi naye alicheka.

"Huyu mkataji hana ubaya," alikuwa akisema. "Hapa tunaishi kama ndugu."

Alhamisi moja mchana, pasi ya mvuke ilipata hitilafu. Cheche zikaruka, zikaangukia rundo la mashati. Kufumba na kufumbua, moshi mweusi ukatanda darini.

"Nje! Tokeni wote nje!" Mama Mkasi alipaza sauti.

Watu walitoka mbio. Uwanjani walikohoa, wakashikana mikono, wakaulizana hali. Mama Mkasi alipitisha macho haraka.

"Tumetoka wote," akasema.

Aliyegeuka ni fundi wa vyerehani, mzee mmoja mtaratibu, asiye na maneno mengi.

"Bubu yuko wapi?" akauliza.

Fundi alilowesha koti lake kwenye bomba la uwanjani, akajifunika kichwa, akaingia.

Alimkuta kwenye mlango wa nyuma, uliokuwa karibu na cherehani chake, amepiga magoti, anavuta majora ya vitambaa. Majora hayo yalikuwa yamepangwa mlangoni mpaka juu, na aliyeagiza yapangwe hapo ni Mama Mkasi. Mwanamke alikuwa ameng'oka kucha mbili. Fundi alimshika mkono, wakatambaa mpaka nje.

Moto ulizimwa. Mshonaji alilazwa hospitali siku tatu kwa sababu ya moshi. Watu walisema tushukuru, hakufa mtu.

Jioni ya siku ya moto Mama Mkasi hakugusa chakula. Mume wake, dereva wa lori, alimtazama.

"Mbona huli?"

"Nilisema tumetoka wote."

"Ulikuwa na hofu, mke wangu."

"Hofu ilikuwepo. Lakini ukweli ni kwamba sikumkumbuka. Hakunijia kichwani hata kidogo."

Mume wake alimsogezea kikombe cha chai.

"Basi nenda ukamwambie hivyo hivyo," akasema. "Usipambe maneno."

Jumapili Mama Mkasi alikwenda nyumbani kwa mshonaji huyo. Ilikuwa nyumba ya ghorofa, chumba na sebule. Mlango ulifunguliwa na mdogo wa mshonaji, mwanamke aliyekuwa karani wa posta. Mgonjwa mwenyewe aliketi kwenye kochi. Vidole vyake viwili vilifungwa bandeji.

"Pole sana, Bubu," Mama Mkasi akaanza.

Karani hakufasiri.

"Samahani, mama," akasema. "Neno hilo siwezi kumfasiria. Dada yangu si bubu. Ni kiziwi. Ana lugha yake, lugha ya alama. Na akianza kuzungumza, mimi simwezi."

"Niambie basi, nimwiteje?"

Karani aliweka ncha ya kidole shavuni, akakizungusha kidogo.

"Kishimo. Akicheka, anaingia kishimo hapa. Ndivyo viziwi wenzake wanavyomwita."

Mama Mkasi alijaribu kukikumbuka kishimo hicho. Miaka mitano, hakuwahi kukiona.

Kishimo alianza kuzungumza kwa mikono. Bandeji zilimsumbua. Alikuwa kama mtu anayesema huku jino linamuuma.

"Anauliza," karani akafasiri, "pale nje, ulipohesabu watu, ulifika ngapi?"

Mama Mkasi aliinamisha kichwa.

"Sikuhesabu. Nilitazama tu, nikasema tumetoka wote. Nilikusahau. Sina neno jingine."

Karani alisita, kisha akafasiri yote. Kishimo aligeukia dirisha. Aliporudisha uso, macho yalikuwa makavu.

"Anashukuru kwa kuwa hukumdanganya."

"Mwambie arudi kazini. Tutampa kazi nyepesi. Watu wote wanamhurumia."

Kishimo alitikisa kichwa kabla mdogo wake hajamaliza.

"Anasema huruma mlikuwa nayo hata siku ile, na haikumtoa ndani. Kazi nyepesi haitaki. Anataka kukaa mahali anapouona mlango. Anataka taa nyekundu ukutani, iwake kukiwa na hatari. Anataka mlango wa nyuma uwe wazi. Na kazi za siku ziandikwe ubaoni. Wewe unatangaza, yeye anakisia kwa kutazama wenzake."

"Hayo yanawezekana," Mama Mkasi akasema.

"Bado hajamaliza. Kuna mkataji anayempiga makofi kisogoni. Anasema upepo wa yale makofi anausikia kwenye ngozi. Anajua tangu siku ya kwanza."

Mama Mkasi hakuweza kumtazama usoni.

"Halafu kuna wasichana watatu aliowafundisha kushona kola. Wote sasa ni viongozi wa safu. Yeye hajaulizwa hata mara moja kama anataka."

"Nilidhani hawezi kuongoza watu, maana hasemi."

Karani alifasiri. Kishimo alijibu kwa alama chache tu.

"Anauliza, hao watatu aliwafundishaje?"

Jumatatu Mama Mkasi aliingia kwa mwenye kiwanda. Alimweleza kila kitu, pamoja na kosa lake.

"Mabadiliko yote haya kwa ajili ya mtu mmoja?" mwenye kiwanda akauliza.

"Twende nikuonyeshe mlango, mzee."

Walisimama mbele ya majora. Mengine yalikuwa na alama za damu bado.

"Moto ungeanzia upande wa mbele," Mama Mkasi akasema, "sote tungekuwa hapa tunayavuta."

Mwenye kiwanda aliyatazama, akaagiza yaondolewe siku ile ile. Taa iliwekwa wiki iliyofuata, na ubao ukatundikwa.

Kabla Kishimo hajarudi, Mama Mkasi aliitisha kikao.

"Jina la Bubu limekwisha," alisema. "Anaitwa Kishimo, na alama yake ni hii. Mchezo wa makofi nao umekwisha. Mimi nilikuwa nikicheka, kwa hiyo lawama inaanzia kwangu."

"Ilikuwa mizaha tu, mama," mkataji akasema.

"Yeye aliwahi kucheka?"

Mkataji alitazama viatu vyake. Fundi wa vyerehani akaongeza kwa sauti ya chini, "Mimi mwenyewe, siku ya moto, nilimwita kwa jina lile lile. Tujifunze."

Karani wa posta alikubali kuja mara mbili kwa wiki kufundisha lugha ya alama, nusu saa, ndani ya muda wa kazi. Mwenye kiwanda alimlipa kama mwalimu yeyote. Si wote waliofurahi. Wapo waliolalamika kwamba wanapotezewa wakati. Wapo waliosahau na kuanza kumwita Kishimo kwa kelele, kisha wakajikumbuka, wakainuka kwenda kumgusa bega. Mama Mkasi mwenyewe alipata taabu. Alizoea kutoa amri akiwa amewapa watu mgongo. Sasa alijifunza kugeuka, kumtazama mtu, na kungoja jibu.

Mkataji ndiye aliyechelewa kuliko wote. Wiki ya tatu alijikaza, akaenda mbele ya Kishimo kuomba radhi. Mikono ikamchanganya. Karani alipomwona, alifunika mdomo.

"Umemwambia kwamba wewe ni mbuzi," akasema.

Kishimo alimtazama mkataji, kisha akacheka, na watu wakakiona kishimo shavuni. Akaishika mikono ya mkataji na kuiweka sawa. Mkataji akarudia. Safari hii alieleweka.

Mwezi wa nne tangu moto, nafasi ya kiongozi wa safu ya kola ikawa wazi. Mama Mkasi aliibandika ubaoni, kila mtu aione na aombe anayetaka. Kishimo aliomba pamoja na wengine wawili. Walipewa kazi ya kupimwa, na Kishimo akaipata. Watu wa safu yake walifanya mazoezi ya kutoka nje kila mwezi, na nje walihesabiwa mmoja mmoja kwa orodha.

Baada ya nusu mwaka walikaa kikao kingine. Mama Mkasi aliuliza kama kuna mwenye jambo. Kama kawaida, watu walitazamana. Kisha Kishimo akanyoosha mkono.

Wengi walifikiri atazungumza habari za moto. Msichana mmoja wa safu yake, ambaye sasa alizijua alama vizuri, alisimama kufasiri.

"Anasema choo cha wanawake hakina komeo. Ni mwaka wa pili huu. Kila mwanamke hapa anajua, na kila mmoja anangoja mwenzake aseme."

Wanawake waliinamisha macho. Mmoja akasema, "Ni kweli." Mwingine naye, "Mimi huwa naushika mlango kwa mguu." Halafu wakaanza kusema wote, mambo waliyokaa nayo kimya kwa miaka: viti vibovu, mwanga hafifu kwa wenye macho dhaifu, mama anayenyonyesha asiye na pa kujisitiri.

Mama Mkasi alichukua kalamu, akaomba waseme kwa zamu ili Kishimo asipitwe na neno. Akaandika yote.

Komeo liliwekwa kesho yake.