Pombe ya Mgowe

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu. Danieli Kalinga alikaa mlangoni akiitazama. Jembe lake lilikuwa ndani.

"Baba Benedicta, twende tukalime," alisema mkewe, Paskalina. "Udongo umelainika."

"Sisi wawili tu? Watu watatucheka. Ngoja pombe iive, tuite mgowe."

Katika vilima vya Iringa, mgowe ni kazi ya majirani. Mwenye shamba hupika pombe, nao huja kumlimia. Ni desturi nzuri, mimi siitukani. Lakini mwaka ule wa 1953, Danieli alibakiwa na madebe matatu tu ya ulezi. Mawili aliyapikia pombe. Chakula cha watoto akakifanya kinywaji cha watu wazima!

Pombe iliiva baada ya siku nane. Watu ishirini walikuja. Walisema waonje kwanza, wakaonja mpaka saa nne. Kisha walilima huku wakiimba, wakikwaruza udongo juu juu kama kuku. Saa saba wengi walikuwa wamelala.

Kesho yake alipita bwana shamba, jina lake Filemoni.

"Kamwene, Bwana Kalinga. Wamelima wangapi hapa?"

"Ishirini."

"Wewe na mama mngelima kipande hiki kwa siku ngapi?"

Paskalina alitangulia kujibu. "Siku nne. Tena tungelima kwa kina."

"Mnaona? Mmengoja siku nane kwa kazi ya siku nne. Mvua nzuri imepita. Mahindi hapa huenda yasifikie hata ule ulezi mlioupika. Watu wengi si kazi nyingi, Bwana Kalinga. Kazi hupimwa kwa kilicholimwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Palilieni mapema. Lakini ulezi ndio mmeshaunywa."

Mwezi wa pili debe la mwisho liliisha. Danieli alikwenda kulima mashamba ya watu ili apewe unga. Alikuwa na njaa. Aliinua jembe mara kumi, akapumzika. Alipewa unga kidogo, kwa sababu alilima kidogo. Shamba lake mwenyewe likamezwa na magugu. Njaa huzaa kazi hafifu, na kazi hafifu huzaa njaa tena.

Mwezi wa tatu surua iliingia kijijini. Watoto wengi waliugua, wakapona. Matilda, mtoto wao mdogo, alikuwa amekonda mno. Hakupona.

Baada ya mazishi Paskalina hakumlaumu mtu. Alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, "Tumemnywa mtoto wetu."

Mavuno ya msimu ule hayakujaza hata kikapu kikubwa.

Mvua iliporudi, alimwendea jirani yake Ambrosi. "Pombe sina," alisema. "Lakini nina mikono. Mimi na mama Benedicta tulime kwako siku mbili, nawe na mkeo mlime kwetu siku mbili. Tuanze alfajiri. Tutakunywa uji."

"Watasema umekuwa mchoyo."

"Waseme."

Na kweli walisema, tena kwa kicheko. Wale wanne walilima kwa kina. Walipanda wiki ileile ya mvua ya kwanza. Walipalilia mara mbili, na Filemoni alikuja kuwaonyesha nafasi ya mistari. Wakati wa mavuno, Danieli alijaza vihenge viwili.

Mwezi wa pili ulifika tena, mwezi wa njaa. Kwa Danieli ugali ulikuwepo. Benedicta alikula, akaomba tena, akapewa.

Paskalina alitoka nje haraka. Danieli alimfuata, akamkuta analia.

"Mama Benedicta, unalia nini? Chakula si kipo?"

"Ndicho hicho kinachoniliza," alisema Paskalina. "Kumbe iliwezekana."