Ukuta Uliokataa Rangi

Pazia lilikuwa moja, mikono ilikuwa minne.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba katika soko la Sabasaba, na upepo wa Dodoma ulikuwa kazini tangu asubuhi, ukipakaza vumbi kila kilichotandikwa chini: viatu, sufuria, mashuka. Muuza mitumba alisimama juu ya meza yake akipaza sauti, "Kamata, vuta, ondoka nalo!" Zablon akakamata. Alipovuta, pazia likavutwa upande wa pili.

"Kaka, nimelishika kwanza mimi."

"Wewe umelishika kwa macho, dada. Mimi nimelishika kwa mkono."

Msichana alikuwa na mtandio wa kijani kibichi uliobanwa vizuri chini ya kidevu, gauni refu la kitenge, na viatu vyeupe vilivyokwisha kuwa vyekundu kwa vumbi. Alimtazama Zablon kuanzia kwenye shati lenye madoa ya chokaa hadi kwenye kandambili.

"Unalitakia nini? Huna hata sura ya mtu mwenye dirisha."

Watu wakacheka. Zablon, ambaye hakuzaliwa kuchekwa, akanyoosha shingo. "Nalitaka la kuchujia udongo."

"Unachuja nini?"

"Udongo. Nauchuja, nauchanganya na mchanga na uji wa muhogo, napamba nao kuta za watu. Rangi za dukani ni za wasiojua wamekanyaga nini."

Vidole vya msichana vililegea kwenye pazia, ila havikuliachia. "Nyumba yangu kuta zote nyeupe," alisema. "Nikiamka asubuhi nadhani nimelazwa zahanati."

Walilinunua pamoja, wakalikata katikati kwa mkasi wa muuza mitumba. Nusu ya dirisha, nusu ya udongo.

Aliitwa Salha binti Jamaldini, wa ukoo wa wafanyabiashara wa Majengo ambao babu zao walifika mjini na misafara. Alikuwa mtumishi katika ofisi moja ya serikali huko Mtumba, na alikuwa amepanga nyumba ndogo Kisasa baada ya kubishana na nyumbani kwao mwezi mzima, maana kwao binti huhama kwa ndoa, hahami kwa kupenda. Zablon alikuwa Mgogo wa kijiji cha Mvumi, mtoto wa Paulina, mwimbaji wa kwaya asiyekosa Jumapili. Ufundi wa udongo aliupata kwa bibi yake. Ushairi alijifundisha mwenyewe, akihesabu mizani kwa vidole huku akipaka kuta.

Kazi ya siku nne ilichukua wiki saba.

Zablon aliukwaruza ukuta mkubwa wa sebuleni, akaupaka udongo mwekundu wa shambani kwa mama yake, tabaka juu ya tabaka. Kisha kwa vidole akachora mistari ya udongo mweupe iliyopinda kama matuta ya mtama. Lakini ukuta mmoja ukaita mengine. Salha alileta gurudumu la mbao la kuzungushia nyaya za umeme, lililotupwa kando ya barabara. Wakalipiga msasa, likawa meza. Vibuyu vitatu vikatobolewa matundu, vikawa vivuli vya taa. Kanga zilizochakaa zikawa foronya za mito, na Salha alizipanga maneno yake yasomeke kwa zamu, mto kwa mto, mpaka kochi lote likawa linasengenya.

"Huu mto unamwambia nani 'Hujui kitu'?" Zablon aliuliza.

"Atakayeukalia."

"Basi mimi nakaa chini."

"Kaa popote, fundi wangu. Nyumba umeijenga wewe."

Fundi wangu. Ndivyo alivyomwita. Jina la Zablon hakulitumia hata mara moja, naye Zablon alimwita mteja wangu, kwa kutania, kisha si kwa kutania tena. Simu zao zilikuwa hivyo hivyo.

"Halo, mteja wangu. Ukuta umelalaje?"

"Umelala salama, fundi wangu. Mwenye ukuta ndiye hakulala."

"Ana nini?"

"Ana nyufa. Njoo uzikague."

Zablon alicheka peke yake barabarani hadi mama lishe wa Nkuhungu akamwuliza kama amekula bangi.

Hata hivyo alikuwa na donda moja dogo: alitaka kusikia jina lake katika kinywa cha Salha. Alitaka litajwe mbele za watu, kama watajwavyo wanaume wengine. Aliona hilo ni haki yake, naye hakuwa mtu wa kuomba haki.

Ndipo ikafika Jumamosi ya sahani.

Kazi ilikuwa imekwisha. Salha alipika wali na kisamvu cha karanga, wakaketi kwenye mkeka chini ya ule ukuta mwekundu, sahani moja, mikono miwili. Mlango ukagongwa mara moja, ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa Abdulkadiri, kaka mkubwa wa Salha, kanzu imenyooka, funguo za gari mkononi.

"Asalaam aleikum. Huyu nani?"

Salha aliinuka kama aliyekalia kaa la moto. "Waaleikum salaam, kaka. Ni fundi tu."

Kisha akafanya jambo ambalo Zablon alilikumbuka kuliko maneno. Alichukua sahani ya plastiki, ile iliyochanganyiwa udongo mweupe wiki iliyopita, akaisuuza haraka, akamhamishia chakula chake, akampa. "Fundi, kalie pale barazani. Kuna upepo."

Zablon alitoka nje na sahani yake. Wali ulikuwa na ladha ya chokaa. Hakuumaliza. Aliiweka sahani ukingoni, akavaa kandambili, akaondoka bila kuaga, na vifaa vyake akaviacha. Alipofika kona ya Kisasa alisimama chini ya nguzo ya umeme, akahesabu mizani kwa vidole, akamtumia Salha ubeti:

*Nilipamba nyumba yetu, kwa udongo na imani,*
*Nikadhani mimi mtu, mwenye jina mdomoni,*
*Kumbe kwako ni fundi tu, wa kulishwa barazani,*
*Naondoka, pendo letu, libakie ukutani.*

Akaizuia namba ya Salha isimpigie tena. Salha alijaribu kwa namba za wenzake wa ofisini. Zablon alipoisikia sauti, alikata. Jamaa zake walimwambia, "Mtoto wa kike amekutwa na mwanamume nyumbani, ulitaka aseme nini?" Akajibu, "Angesema jina langu. Lina silabi mbili tu." Alipaka nyumba nyingine Ilazo na Msalato, lakini mistari yake haikupinda tena. Wateja walisema ni mizuri. Yeye aliona ni kamba za kuanikia nguo.

Mwezi wa kumi na moja, mawingu yakiwa yamejaa na mvua bado haijakubali kushuka, simu iliita kwa namba asiyoijua.

"Usikate," sauti ikasema. "Sikupigii kwa mapenzi. Ukuta wako umekataa rangi."

Zablon hakukata.

"Nimepata uhamisho, naenda Mpanda. Mwenye nyumba anataka kuta zake nyeupe kama alivyonipa. Nimepaka mara tatu. Kila nikipaka, rangi inavimba, inabwagika chini kama ganda la yai, na wekundu wako unachungulia. Njoo uutoe udongo wako, fundi."

Hakusema wangu. Zablon aliisikia nafasi ya neno lile kama mtu anavyopapasa kwa ulimi pengo la jino.

Alipofika, lori lilikuwa limeegeshwa nje, nusu limejaa. Ndani hapakuwa na kitu isipokuwa mwangwi. Meza ya gurudumu ilikuwa imeegemezwa mlangoni, vibuyu vimefungwa kwenye gazeti. Ukuta ulikuwa umekaa kama mgonjwa wa ngozi, weupe umebabuka vipande vipande. Salha alivaa baibui jeusi, uso umepungua. Nusu ya pazia bado ilining'inia dirishani.

"Udongo hupumua," Zablon alisema, akichukua mwiko wake wa ufundi palepale alipouacha miezi mitatu nyuma. "Ukiuziba kwa rangi ya dukani, unaisukuma."

"Nimeona."

Akaanza kukwangua. Udongo ulianguka vipande vipande. Kila alipopitisha mwiko alikumbuka siku alipoupaka, huu siku ya vibuyu, huu siku ya foronya za kanga. Hasira ikafumka.

"Ungenitaja tu. Neno moja."

Salha alicheka kicheko kikavu. "Mimi nilishtuka, nikasema neno la kipumbavu, na ile sahani najuta mpaka leo. Nilitaka nikupeleke kwa baba kwa heshima, na mshenga, si ukutwe miguu peku kwenye mkeka wangu. Hayo ndiyo niliyotaka kukuambia, ukafunga simu. Basi nikakufuata kwenu."

Mwiko ukasimama. "Kwetu wapi?"

"Mvumi. Nilimkuta mama yako anapepeta karanga. Nikamwamkia, nikajitambulisha, Salha wa Dodoma. Unajua alinijibu nini? 'Ooh, karibu mwanangu, wewe ndiye yule mteja! Zablon alisema ana mteja mmoja anapenda udongo wetu.'" Akabandua kipande cha rangi ukutani. "Wiki saba unachota udongo shambani kwa mama yako. Wiki saba anakuuliza unaupeleka wapi. Mteja. Mimi nilikukana mara moja, nimebanwa na kaka yangu mlangoni. Wewe nani alikubana?"

Zablon alishusha mkono wenye mwiko. Ilikuwa kweli. Mama yake mwimba kwaya, na jina la Salha, na mtandio wake: alikuwa amesema mteja kwa wepesi, kama mtu anavyovua kofia.

"Nilirudi siku hiyohiyo nikanunua ndoo ya rangi nyeupe," Salha alisema.

Nje mlango wa gari ulifungwa. Abdulkadiri aliingia, akapangusa mikono, akamwona Zablon juu ya kigoda.

"Wewe si yule fundi?" Hakungoja jibu. Alitazama ukuta, akamtazama dada yake, akashusha sauti. "Ndugu yangu, sikuulizi kwa ugomvi. Huyu dada amekataa posa mbili tangu ukuta huu upakwe. Nyumbani wanamwuliza sababu, hasemi. Mimi si kipofu. Nakuuliza kiume: wewe ni nani?"

Zablon alimgeukia Salha.

"Usinitazame mimi," Salha alisema polepole. "Umeulizwa wewe. Sema utakalo, sitakupinga."

Mlango uliokuwa umemfungia miezi yote ulikuwa wazi, na aliyeushikilia ni mtu yuleyule aliyemdhania adui. Zablon alivuta pumzi. Aliyaona yote yaliyosimama nyuma ya jibu: mzee Jamaldini na masharti ya dini, mchungaji wa Mvumi, mama yake ameshika kitabu cha nyimbo bila kuimba. Ulimi wake, uliozoea kupanga mizani kumi na sita bila kukosea, ukalala.

"Fundi," alisema.

Upepo ulipuliza nusu ya pazia ndani, ukaliachia.

"Umesikia, kaka," Salha alisema. Hakulia. Alikwenda akalivua pazia, akalikunja, akalitia mkobani. "Tupakie."

Lori liliondoka saa nne asubuhi. Zablon aliumaliza ukuta hadi saruji, akaupaka weupe mara mbili, ukakubali. Kisha akapanda pikipiki, akashika njia ya Mvumi.

Alipofika uani alisimama. Mlangoni kwa mama yake palitundikwa nusu ya pazia la rangi ya uji, limefuliwa, pindo limeshonwa kwa mkono, na katikati doa jekundu lisilotoka. Ni lile la kuchujia.

"Mbukwa, baba," mama yake alimsalimia kwa Kigogo, akitoka na ungo. "Unalishangaa? Alilileta yule mteja wako. Akalitundika mwenyewe."

"Mama, shikamoo. Yule si mteja."

"Marahaba." Mama aliketi. "Najua. Mteja haji na sindano."

"Sasa kwa nini ulimwita mteja?"

"Ningemwitaje, Zablon? Ndilo jina ulilonipa. Nikakaa nikingoja anikatalie, aseme mama, mimi si mteja. Naye nadhani alikuwa ananingojea mimi. Tukamaliza karanga, akaondoka." Alipepeta mara moja. "Yuko wapi?"

Zablon alitoa simu. Iliita sana kabla ya kupokelewa, na nyuma ya sauti kulikuwa na ngurumo ya lori.

"Tuko Manyoni," Salha alisema.

"Niko kwa mama. Nimemwambia." Akamtazama mama yake. "Nimemwambia wewe si mteja. Kama kaka yako yuko hapo karibu, weka sauti kubwa. Nitasema na kwake mimi ni nani."

Akasikia gia ikibadilishwa, lori likipanda mlima.

"Kaka yuko gari la mbele," Salha alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha. "Ungelisema leo asubuhi ningeshuka na kila kitu, na vibuyu vyangu. Sasa nimechoka kusimama mlangoni. Msalimie mama. Mwambie lile pazia alifue kwa maji baridi."

"Mteja wangu..."

"Kwaheri, Zablon."

Simu ikakatika. Zablon alibaki ameishikilia sikioni. Silabi mbili zimetamkwa kamili, kama alivyozitaka siku zote, na sasa ndipo alipojua ameitwa jina ambalo kila mtu angeweza kumwita.

Mama yake alisogeza ungo, akampa nusu ya karanga azipepete.